Kidonge kinachoachia dawa polepole: kazi ya gundi za mimea, na kwa nini kisisagwe

Watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa na kisukari cha aina moja na kutumia dawa yenye jina moja, lakini mmoja akameza mara tatu kwa siku na mwenzake mara moja tu jioni. Mara nyingi hapo ndipo maneno huanza. Wa mara moja hujiona amepunjwa, na wa mara tatu huona mwenzake amependelewa. Wengine huamua kusawazisha wenyewe: kidonge kikubwa wanakikata vipande, au wanakitwanga na kukikoroga kwenye uji wa mzee.

Tofauti kati ya vidonge hivyo viwili haiko kwenye dawa. Iko kwenye kile kilichoizunguka dawa. Kuna vidonge vilivyotengenezwa ili viachie dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na kazi hiyo hufanywa na vitu ambavyo vingi asili yake ni mimea, mwani, au hata wadudu. Vitu hivyo huitwa polima. Makala hii inaeleza vinavyofanya kazi, kinachotokea kidonge cha namna hiyo kikisagwa, na kama gundi inayotoka kwenye mikorosho ya Kisarawe na Kibaha ina nafasi katika kazi hiyo.

Ndani ya kidonge kuna nini

Ukishika kidonge mkononi, usidhani chote ni dawa. Dawa yenyewe huweza kuwa sehemu ndogo sana. Kidonge chenye miligramu 5 za dawa, kwa mfano, kingekuwa kidogo kuliko punje ya mchele kama kingetengenezwa kwa dawa tupu, na usingeweza hata kukishika vizuri. Kwa hiyo kiwandani huongezwa viungo saidizi: vya kujaza, vya kushikamanisha unga usimomonyoke, vya kukifanya kiteleze kwenye mashine, na vya kukifanya kipasuke kikifika tumboni.

Wanga ni moja ya viungo saidizi vya zamani kabisa, na wanga wa muhogo unafaa kwa kazi hiyo. Fundi hupika uji mzito wa wanga, akauchanganya na unga wa dawa ili ushikamane, kisha mchanganyiko ukakaushwa na kugandamizwa kuwa vidonge. Wanga mkavu ukiongezwa pia, hunywa maji haraka tumboni na kukipasua kidonge. Ndiyo maana kidonge cha kawaida cha kutuliza maumivu ukikitia kwenye glasi ya maji husambaratika ndani ya dakika chache.

Kidonge cha kuachia dawa polepole kina kazi iliyo kinyume. Hakitakiwi kusambaratika. Kinatakiwa kikae, kilowe, na kitoe dawa yake kwa mpango.

Polima ni kitu gani

Polima ni kitu kilichoundwa na vipande vidogo sana vinavyofanana, vilivyoungana kuwa mnyororo mrefu, kama shanga nyingi kwenye uzi mmoja. Wanga ni polima ya sukari. Nyuzi za pamba na mbao ni polima ya sukari pia, inayoitwa selulosi, ila shanga zake zimeungwa kwa namna nyingine, ndiyo maana wanga tunaula na mbao hatuzili.

Minyororo hiyo mirefu ikikutana na maji, baadhi hunyonya maji, ikavimba na kunasana. Matokeo yake ni ute. Mpishi yeyote wa Pwani anaufahamu ute huo: ndio unaovutika kwenye bamia na kwenye mlenda. Watafiti wa Afrika Magharibi wameshachukua ute wa bamia, wakaukausha na kuusaga, wakautumia kutengeneza vidonge vya majaribio. Kinachowavutia ni kilekile kinachofanya mlenda uteleze: unashika maji na hauyaachi kirahisi.

Mabuja kwenye uji

Namna rahisi ya kuelewa kidonge hiki ni kukumbuka mabuja. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto bila kukoroga vizuri, hutokea madonge. Ukilipasua donge moja, utakuta nje limeiva na kuwa kama gundi, lakini katikati kuna unga mkavu. Umekaa ndani ya maji yanayochemka na bado haujalowa. Sababu ni kwamba sehemu ya nje ilipolowa iligeuka kuwa ute mzito, na ute huo ukazuia maji yasiingie zaidi.

Mabuja ni aibu ya mpishi, lakini kwa mtengenezaji wa dawa ndiyo shabaha yenyewe. Unga wa dawa huchanganywa na unga wa polima inayovimba, kisha vikagandamizwa pamoja kuwa kidonge kigumu. Ukikimeza, mambo matatu hutokea.

Kwanza, maji ya tumboni hulowesha uso wa kidonge, na polima ya juu huvimba na kuwa tabaka la ute. Pili, dawa iliyo karibu na uso huyeyuka na kupenya polepole kwenye ute huo kuelekea nje. Tatu, tabaka la nje la ute hulika kidogo kidogo, na maji huingia hatua moja ndani zaidi na kutengeneza tabaka jipya. Hali hiyo huendelea kwa saa 8, 12 au hata zaidi, huku kidonge kikisafiri kutoka mfuko wa chakula kwenda utumbo mwembamba na baadaye utumbo mpana.

Kasi hutegemea vitu vinavyoweza kupimwa: polima imewekwa kiasi gani, minyororo yake ina urefu gani, unga wake umesagwa laini kiasi gani, na kidonge kimegandamizwa kwa nguvu gani. Ukibadilisha kimoja, muda unabadilika.

Iko njia nyingine, ya kukivika kidonge koti. Koti linaweza kutengenezwa kwa kitu kisichoyeyuka kwenye tindikali ya mfuko wa chakula bali kwenye utumbo. Koti la namna hiyo hulinda tumbo dhidi ya dawa zinazolichubua, kama diklofenaki na aspirini, au hulinda dawa yenyewe isiharibiwe na tindikali. Hapo dawa haitoki polepole; inachelewa kuanza kutoka. Lakini kanuni kwa mgonjwa ni ileile: koti likipasuliwa, kazi yake imekwisha.

Polima hizi zinatoka wapi

Inayotumika zaidi duniani kwenye vidonge vya kuvimba ni haipromelosi. Asili yake ni selulosi ya mbao au pamba, lakini kiwandani huongezewa kemikali ili ivimbe kwenye maji. Kwa hiyo ni nusu ya asili na nusu ya kiwanda.

Guari ni gundi ya mbegu za jamii ya kunde inayolimwa kwa wingi India, na huvimba sana. Zantani hutengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari. Pektini hutoka kwenye maganda ya machungwa na malimau. Pektini na guari haziyeyushwi na vimeng'enya vya tumbo letu, lakini bakteria wa utumbo mpana huzila, na kwa sababu hiyo watafiti huzitumia katika kazi ya kupeleka dawa hadi utumbo mpana.

Mwani nao umo. Ule mwekundu unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 kwa biashara, na pia ufukweni Bagamoyo katika mkoa wetu huuhuu wa Pwani, hutoa karajinani. Mwani wa kahawia hutoa aljineti. Zote mbili hutengeneza ute. Shelaki, inayotumika kwa makoti, hutokana na utomvu wa mdudu mdogo anayefugwa kwenye miti India na Thailand.

Gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ambayo Sudan inaongoza kuiuza duniani, ni ya zamani kuliko hizi zote katika kazi ya kushikamanisha vidonge. Halafu ipo gundi ya mkorosho, ambayo tutairudia.

Kwa nini dawa iachiwe polepole

Kidonge cha kawaida kikisambaratika, dawa huingia kwenye damu kwa wingi, hupanda hadi kilele, kisha hushuka mwili unapoiondoa. Ndiyo maana unaambiwa umeze tena baada ya saa 6 au 8. Kilele kikiwa juu mno, madhara huongezeka. Bonde likiwa chini mno, ugonjwa unapata nafasi. Kidonge cha polepole hupunguza kilele na kujaza bonde.

Wazo hili lina miaka mingi. Mwaka 1952 kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ilitoa kapsuli zenye punje ndogo nyingi zilizovikwa tabaka za nta na mafuta, nyingine nyembamba na nyingine nene, ili zisiyeyuke kwa wakati mmoja. Polima zilishika nafasi kubwa baadaye.

Kwa mgonjwa wa kisukari, metfomini ya polepole huwa na faida mbili. Humezwa mara chache zaidi, na kwa wengi husumbua tumbo kidogo kuliko ile ya kawaida. Kwa mgonjwa wa presha, nifedipini ya polepole hushusha shinikizo la damu taratibu. Na mtu anayeshinda shambani Maneromango au Magindu ana nafuu nyingine: dozi ya mara moja ni rahisi kuikumbuka kuliko ya mara tatu. Lakini polepole si lazima iwe mara moja kwa siku. Vipo vidonge vya polepole vya kumezwa mara mbili. Fuata ulivyoandikiwa.

Ukikisaga, nini kinatokea

Kidonge cha polepole hubeba dawa ya siku nzima au nusu siku. Hilo ndilo jambo la kushika. Ukikitwanga, ukikitafuna au ukikikoroga kwenye uji, unaondoa mabuja na kubaki na unga uliokorogwa vizuri. Dawa iliyopangwa kutoka kwa saa 12 inaweza kuingia mwilini kwa muda mfupi.

Kwa nifedipini, presha inaweza kuporomoka ghafla. Mtu huona kizunguzungu, moyo hupiga mbio, anaweza kuzimia na kuanguka. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au aliyekwisha kupata kiharusi, kuporomoka huko kunaweza kuleta kiharusi kingine au shambulio la moyo. Kwa mofini ya polepole, inayotumika kwa maumivu makali ya saratani, kusaga kidonge kunaweza kusimamisha pumzi na kuua. Kwa metfomini, tumbo litavurugika, na saa za mwisho za siku mgonjwa hubaki bila dawa ya kutosha, kwa sababu yote ilitoka asubuhi.

Hatari hiyo ina sura nyingine, ya uchumi. Dawa zikiwa ghali, mtu hukata kila kidonge nusu ili za mwezi zifike miezi miwili. Kwenye kidonge cha polepole anapoteza mara mbili: dozi imepungua, na mpangilio wa muda nao umevunjika. Vipo vichache vilivyotengenezwa na mstari katikati ambavyo vinaweza kukatwa mara moja kwenye mstari huo, lakini hata hivyo havisagwi. Mfamasia ndiye wa kukuambia chako ni cha aina gani. Kama tatizo ni fedha, mwambie daktari. Mara nyingi dawa ya kawaida ya kumeza mara mbili au tatu hugharimu kidogo zaidi na hufanya kazi nzuri ikimezwa inavyotakiwa.

Pombe nayo haifai. Baadhi ya polima na makoti huyeyuka upesi kwenye pombe kuliko kwenye maji. Mwaka 2005 dawa moja ya maumivu ya kuachia polepole iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kwamba pombe iliifanya imwage dawa yake yote kwa mara moja.

“Nimekiona chooni kizima”

Wapo wanaotumia vidonge hivi ambao siku moja huona kwenye choo kitu laini kinachofanana na kidonge walichomeza. Wengine huacha dawa kuanzia siku hiyo wakiamini haikufanya kazi, au huanza kuitwanga ili ifanye kazi.

Kwa metfomini ya polepole na nyingine kadhaa, hali hiyo inajulikana. Dawa imeshatoka na kuingia mwilini, na kinachoonekana ni kiunzi cha polima kilichobaki, kama kapi la nazi lililokamuliwa tui. Kipimo cha kweli ni sukari au presha yako. Kama vipimo viko sawa, dawa inafanya kazi. Kama viko juu, rudi kituoni ueleze ulichokiona na upimwe. Usiache dawa na usiongeze nyingine kwa uamuzi wako.

Jinsi ya kukitambua

Angalia jina kwenye boksi au kwenye pakiti ya vidonge. Herufi SR, XR, ER, MR, CR au LA baada ya jina, au neno Retard, huonyesha kwamba ni dawa ya kuachia polepole. Herufi EC huonyesha koti la kulinda tumbo.

Tatizo ni kwamba pakiti mara nyingi hukatwa. Unapewa vidonge 10 ndani ya kibahasha cha karatasi kilichoandikwa “1 x 1”, na herufi zile zimebaki dukani. Kwa hiyo uliza mambo mawili kabla hujaondoka dirishani: “Hiki ni cha kuachia polepole?” na “Naweza kukikata?” Omba jina kamili liandikwe kwenye kibahasha. Ukienda kituo kingine, nenda na kibahasha au pakiti ya zamani, kwa sababu metfomini ya kawaida na ya polepole hazibadilishani kidonge kwa kidonge.

Duka la dawa muhimu la kijijini ni msaada mkubwa, lakini haliruhusiwi kuuza dawa zote. Kwa dawa za presha na kisukari, nenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya Kisarawe, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi hapa Kibaha, au famasi yenye mfamasia.

Si kila kidonge ni cha namna hii. Vipo vya kawaida ambavyo huruhusiwa kusagwa, na vipo vya watoto vilivyotengenezwa makusudi viyeyuke kwenye maji, kama ile dawa mseto ya malaria ya watoto. Mgonjwa asiyeweza kumeza, mzee au aliyepooza, ana haki ya kuomba dawa ya maji au kidonge kinachoruhusiwa kusagwa. Omba ubadilishiwe, usibadilishe mwenyewe jikoni.

Kuhifadhi katika hewa ya Pwani

Polima inayovimba kwenye maji hupenda pia unyevu wa hewani, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake na kuwekwa kwenye kopo au mfuko kinaweza kunyonya unyevu, kikalainika au kushikana na vingine. Hapo huwezi tena kuamini muda wake. Acha kidonge ndani ya pakiti hadi wakati wa kumeza. Weka dawa mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko na mtungi wa maji, na watoto wasipafikie. Kilichobadilika rangi, kulainika au kupasuka usimeze, kirudishe.

Gundi ya mikorosho yetu

Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazil, na leo umetapakaa Kisarawe na Kibaha. Mti ukijeruhiwa hutoa gundi ya manjano au kahawia inayokauka kama kioo. Sehemu kubwa ya gundi hiyo ni polima ya sukari inayoitwa galaktosi, na tabia yake inafanana na gundi ya mgunga. Watafiti wa Nigeria, Brazil na India wameitumia kutengeneza vidonge vya majaribio, kwa kushikamanisha unga na kwa kuchelewesha dawa. Peke yake haivimbi kama guari, kwa hiyo kwa kazi ya kuchelewesha mara nyingi huchanganywa na polima nyingine au huongezewa kemikali.

Swali la mkulima ni rahisi: itauzika? Jibu linahitaji kutazama yaliyopita. Katika karne ya 19 ardhi ya Uzaramo, pamoja na hii ya Kisarawe, ilitoa sandarusi iliyochimbwa ardhini na kusafirishwa kupitia Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem nchini Marekani waliinunua kwa ajili ya vanishi za samani. Kwa miaka mingi ilisafirishwa na uchafu wake na kusafishwa huko Salem. Wachimbaji walilipwa kwa kitu kichafu, na thamani ya usafi ikabaki kwa aliyesafisha.

Gundi ya dawa inafuata sheria hiyohiyo, tena kwa ukali zaidi. Inayotoka mtini ina magome, mchanga, wadudu na vijidudu. Hutakiwa kuyeyushwa kwenye maji, kuchujwa, kutenganishwa kwa spiriti, kukaushwa na kusagwa, kisha kupimwa vijidudu, madini mazito, unyevu na uzito wa ute wake.

Ugumu mkubwa ni kufanana. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamepima gundi za miti ya Tanzania kwa miaka mingi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 walichunguza jinsi gundi ya mgunga wa aina ileile inavyotofautiana tabia. Kwa mpishi wa mlenda, tofauti hiyo haina neno. Kwa kidonge cha presha, gundi ya masika ikivimba kuliko ya kiangazi, dawa ya saa 12 inageuka ya saa 7.

Ndiyo maana kuna kipimo maalumu. Vidonge 6 huwekwa kila kimoja kwenye chombo chake, mara nyingi chenye mililita 900 za maji yanayofanana na ya tumboni, kwenye joto la nyuzi 37 na kasia linalozunguka. Maji huchotwa kila baada ya saa kadhaa kuona dawa iliyotoka. Kimojawapo cha viwango vinavyokubalika kwa metfomini ya polepole kinataka asilimia 20 hadi 40 iwe imetoka saa ya 1, asilimia 45 hadi 65 saa ya 3, na isiyopungua 85 saa ya 10. Ikitoka haraka mno au polepole mno, vidonge vyote vya mkupuo huo havifai kuuzwa. Hapa nchini Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosajili dawa na kukagua ubora wake.

Kwa hiyo akija mtu kijijini kutaka gundi ya mikorosho “ya kutengeneza dawa”, muulize anampelekea nani, ananunua kwa kiwango gani cha usafi, na mkataba uko wapi. Usichanje miti kwa ahadi ya mdomo. Vidonda vya gome ni mlango wa magonjwa na wadudu, na mkorosho uliodhoofika hutoa korosho chache. Korosho ndiyo fedha ya uhakika uliyo nayo leo.

Na gundi hiyo isichanganywe na dawa nyumbani. Kupaka kidonge gundi, au kukimeza na ute wa bamia ukitarajia kikae zaidi tumboni, hakukifanyi kiwe cha polepole. Kinachopanga muda ni mchanganyiko uliogandamizwa ndani na kupimwa.

Mambo ya kukumbuka

Usitafune, usitwange wala usikate kidonge chenye SR, XR, ER, MR, CR, LA, Retard au EC kabla ya kumuuliza mfamasia.

Kimeze kizima kwa maji, saa zilezile kila siku. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Ukiona kiunzi chake chooni, endelea na dawa na upime sukari au presha.

Usiyeweza kumeza, omba aina nyingine ya dawa.

Mtu aliyemeza kidonge cha polepole kilichosagwa, akawa na kizunguzungu kikali, usingizi usio wa kawaida au pumzi nzito, apelekwe kituo cha afya mara moja hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu dawa inaweza kuwa bado inaingia kwenye damu. Nenda na pakiti ya dawa mkononi. Mhudumu akiona jina na herufi zile, atajua anashughulika na dawa ya saa ngapi.